Eda ya Bi Warda Katika Simu ya Shamimu

"Iondoe hiyo simu mbele yangu, Shamimu, kabla sijaitumbukiza mtungini ikahesabu viluwiluwi!"

"Shangazi, niache kwanza niangalie."

"Uangalie nini? Mbegu hizi hapa. Mia moja na ishirini na saba zimo ndani ya kopo, na hii ya leo ninayo mkononi. Leo Isha ikiadhiniwa naitia, zinatimia mia moja na ishirini na nane, eda imekwisha, mama yako anatoka. Mashine yako inasema nini?"

Shamimu akaisoma tena. "Inasema kesho."

"Kesho!" Bi Zakia akaupiga mkeka kofi, na vumbi lote la Kilwa Kivinje likasimama kusikiliza.

Alikuwa amekaa miguu ameinyoosha, kopo la maziwa la bati amelikumbatia kama mtu aliyepakata mtoto wa homa. Humo ndani mlikuwa na mbegu za ukwaju. Tangu kaka yake Mfaume afariki, kila jioni muadhini akishusha sauti ya Isha, Bi Zakia alitia mbegu moja koponi, nyumbani kwake ng'ambo ya soko, wala hakumwonyesha mtu. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi, hiyo ndiyo eda ya mwenye kufiwa na mume, na hakuna mzee mjini asiyeijua.

Mbele yake alikaa Shamimu, binti wa marehemu, kompyuta juu ya mapaja na simu mkononi. Na kati yao, juu ya kitanda cha kamba, katika nguo nyeupe zisizo na ua wala harufu, alikaa Bi Warda mwenyewe, mjane, ambaye mbegu na simu vyote viwili vilikuwa vinamhesabia yeye. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu kama vile ndivyo vitakavyotoa hukumu.

Siku moja si kitu, mtu atasema. Mwanamke aliyekaa ndani siku mia moja na ishirini na saba, moja zaidi itamla? Lakini hiyo moja ndiyo iliyokuwa na meno. Lindi, hospitalini, alikuwa amelazwa dada yake Bi Warda, Samia wa Sudi, ana uvimbe tumboni, na daktari wa kuutoa alikuwa anakuja Jumamosi, saa nne asubuhi, akishamaliza anakwenda zake hadi Mungu ajue lini. Na Samia alikwisha sema. Samia huyu aliwahi kushindana kuvutana na pweza mwambani tangu maji kupwa hadi maji kujaa, na pweza ndiye aliyeomba radhi. Akishasema kitu, kimesemwa. Alisema hivi: mama yao alilazwa juu ya meza ya kupasulia kama ile bila uso wa mtu wake hata mmoja mbele yake, akafia pale pale, yeye hapandi juu ya meza hiyo mpaka amwone Warda. Wakitaka wampasue mlango.

Leo ilikuwa Ijumaa, alasiri. Gari dogo la Stefano lilikuwa linaondoka kesho saa kumi alfajiri, na Stefano alikuwa ameweka nafasi moja pembeni yake mbele, akisubiri jibu.

"Wifi," Bi Zakia akamgeukia mjane, sauti ameilainisha, "hata sheikh amekwambia dharura ina nafasi yake. Ungetoka hata jana."

"Sheikh kaniambia nina ruhusa," Bi Warda alijibu taratibu. "Hakuniambia nina lazima. Wifi, unanijua. Siku ya harusi yangu kaka yako alikaa kwenye kiti tangu Adhuhuri hadi Isha kunisubiri mimi nimalize kupambwa, biriani likapoa likapashwa mara tatu, ndevu zikamwota upya. Miaka thelathini na mbili alinisubiri mlangoni, kila safari, viatu mkononi. Hii mara moja mimi ninamsubiri yeye. Nitamsubiri hadi dakika ya mwisho, na sitampunja."

"Basi dakika ya mwisho ni leo!"

"Simu inasema kesho."

"Simu!"

"Simu ya mwanangu," alisema Bi Warda, na hapo akauinua uso. "Mwanangu hakosei siku. Hiyo ndiyo kazi yake."

Shamimu akainamisha macho kwenye simu.

Maana kweli hiyo ndiyo kazi yake, na mjini hapakuwa na mtu aliyeielewa, na aliyeielewa kidogo kuliko wote ndiye aliyeitetea kuliko wote. Miaka mitano iliyopita alirudi kutoka masomoni Dar es Salaam na begi moja la nguo na jingine la nyaya. Watu wakangoja aende kuripoti kazini. Hakwenda. Alikaa barazani kwao, baadaye chumbani, anabonyeza, anatazama, anabonyeza. Jirani mmoja akasema binti wa Mfaume anaumwa. Mwingine akasema ameolewa na jini la umeme, ndiyo maana umeme ukikatika hukunja uso. Bi Warda akatoka hadi kisimani, ndoo kichwani, akawatangazia: "Mwanangu anatengeneza siku. Hizo Jumatatu mnazozitumia nyinyi bure, kuna mtu anazitunza." Wakacheka wakamwaga maji. Yeye hakucheka.

Alichokuwa anakitengeneza Shamimu, watu wa kompyuta hukiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja wala mtu wa kukunyamazisha. Ni maagizo ya mashine ambayo mtu ameyatunga mara moja, akayafanyia majaribio yakakaa sawa, halafu akayaweka mahali wengine wakayaazima, kama mtaa mzima unavyoazima kinu cha nyumba moja. Na maagizo yake yalikuwa ya tarehe na saa tu. Watu wa nje wanayo ya kwao, mengi na mazuri, lakini yanaamini siku inaanza saa sita ya usiku, wakati ambao hakuna linaloanza isipokuwa ugomvi wa paka. Tena yanaiita saa moja ya asubuhi saa saba. Kivinje siku inageuka jua likizama. Ukisali magharibi ya Jumatano umekwisha ingia Alhamisi. Na mwezi ni ule unaoandama, si ule unaoning'inia ukutani na picha ya matairi. Basi Shamimu akatunga maktaba inayoyajua haya. Unaipa saa ya wageni, inakurudishia saa ya pwani. Ukiipa siku ya wageni, inatazama jua limezama au bado, ndipo ikupe siku yako.

Watu wakaanza kuiazima. Lindi mjini kuna Aun, mtoto wa duka la vitambaa la mzee Abdulhussein, aliyeitumia kutengeneza ratiba ya daku na futari ya kila mwaka. Rutamba kuna mtu wa mifugo aliyeitumia kuwakumbusha wafugaji siku za chanjo. Hapo mwanzo ilileta vituko. Klementi wa Rutamba, mwenye ng'ombe mmoja mwenye pembe moja, alipata ujumbe kwamba ng'ombe wake atachanjwa tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na sabini, saa tisa usiku. Mwaka huo baba yake Klementi alikuwa hajamwona mama yake Klementi hata kwa mbali. Lakini Klementi ni mtu wa kutii. Saa tisa ya usiku akamtoa ng'ombe nje, amemwogesha, wakasimama wote wawili wakiingojea serikali iwarudishe nyuma. Asiyeamini akamuulize ng'ombe, bado yu hai.

Shamimu alikaa siku tatu hakula vizuri. Akaja kugundua kwamba pale mtu wa mifugo alipoacha nafasi bila tarehe, mashine haikusema haijui. Ilirudi ikasimama pale inapoanzia hesabu yake ya tangu na tangu, na hapo ndipo ilipomwalika Klementi. Akairekebisha. Tangu siku hiyo, isipopewa siku, husema: sijui. Bi Warda alifurahi kuliko mtu aliyepata mjukuu. "Nani mwingine," aliuliza kisimani, "amewahi kumfundisha mjuaji kusema hajui?"

Kwa hiyo Mfaume alipofariki, nyumbani kwao eda haikuhesabiwa kwa mbegu wala mafundo ya kamba. Kila jioni, Isha ikishasaliwa, Bi Warda aliita kutoka chumbani: "Shamimu, zimebaki ngapi?" Naye Shamimu alisoma simuni. Mia na kumi na nane, mama. Tisini. Sitini na moja. Kulikuwa na jioni walizoishia kwenye namba hiyo, hakuna jingine la kusema. Kulikuwa na jioni Bi Warda alisema, "Rudia," na Shamimu akairudia, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Sasa shangazi ameleta kopo.

"Nipeni nafasi," Shamimu alisema. Akaifungua kompyuta.

Akaanza na miezi. Mfungo Pili, ambao baba yake alifariki ndani yake. Mfungo Tatu. Mfungo Nne. Mfungo Tano. Akaulinganisha kila mwandamo na ule uliotangazwa msikitini. Miwili ya siku thelathini, miwili ya ishirini na tisa. Sawa. Akaongeza siku kumi. Sawa. Akaja kwenye saa, maana mashine kubwa ulimwenguni husema saa ya mahali pengine, nyuma ya yetu kwa saa tatu, na hapo wengi hujikwaa. Sawa. Akajaribu kuipa siku nyingine hamsini, za uongo na za kweli, na zote maktaba ikazijibu bila kukwama. Kosa lingeonekana angelishika. Hili halikuwa na mkia.

"Imesemaje?" aliuliza Bi Zakia.

"Bado kesho."

"Mwanangu," Bi Zakia akamsogelea, akamnong'oneza, na kunong'ona kwa Bi Zakia husikika hadi mnadani, "si wewe uliyeitengeneza? Iambie iseme leo."

Hilo Shamimu alikuwa amekwisha lifikiria. Kidole kilikuwa karibu. Tarakimu moja tu, mahali pamoja tu, na mama yake angesomewa leo, angeamini, angeoga, angepanda gari la Stefano. Samia angeona uso anaoutaka. Nani angejua? Akamtazama mama yake. Bi Warda alikuwa anamtazama yeye, na macho yake yalikuwa yamesikia yote.

"Usinidanganye kwa huruma," alisema Bi Warda. "Mimi ninaweza kuvumilia kesho. Siwezi kuvumilia kutojua kama nilimpa mume wangu haki yake au sikumpa. Ukisema leo kwa ulimi wako, na moyo wako unasema kesho, nitakujua usoni, Shamimu. Nilikuzaa."

Shamimu akakitoa kidole.

Simu ikalia. Ni Stefano. "Dada, nafasi ile namwekea nani? Kuna mama mmoja wa Nangurukuru ananipigia hapa, analia."

"Nipe hadi Isha, kaka Stefano."

"Isha mwisho. Mama huyu ana kilio kikubwa."

Bi Zakia alikuwa amekasirika kwa ile namna yake ya kukasirika, ya kuwa mpole. Akaweka kopo chini. Akakunja kanga kiunoni. "Haya," alisema. "Mimi sikusoma. Shule niliiona mara moja, nilipopeleka uji. Lakini nataka hiyo simu inisomee mimi hadithi, tangu mwanzo, kama inavyomsomea mama yako. Kaka yangu alikufa lini?"

"Shangazi, hilo tunalijua."

"Mimi na wewe tunalijua. Nataka kujua yenyewe inajua nini."

Shamimu akafungua kalenda ya simu, yenye siku za wageni. "Alhamisi. Saa mbili usiku."

"Sawa. Na tukamzika lini?"

Hilo nalo lilikuwamo, katika ujumbe aliowatumia jamaa wa Dar es Salaam na Mtwara. "Alhamisi. Saa nne asubuhi."

"Soma tena."

"Amefariki Alhamisi saa mbili usiku. Amezikwa Alhamisi saa nne—"

Akarudi juu kwenye kioo, akasoma upya.

Bi Zakia akakaa chini taratibu. "Kwa hiyo kwa siku za wageni, asubuhi tumekwenda tumemzika," alisema, "tumerudi, tumekunywa kahawa, kisha jioni ndiyo kafa." Akatikisa kichwa. "Kaka yangu alikuwa mtu wa kuwahi, wallahi, lakini si kiasi hicho."

Ikatoka sauti kitandani. Kwanza wakadhani analia. Bi Warda alikuwa ameuziba mdomo kwa upindo wa nguo, mabega yanamruka, na machozi yalikuwepo, lakini kilichomtikisa kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu siku ile. "Alikuwa ananisubiri," alisema alipopata pumzi. "Hata kaburini alitangulia kunisubiri."

Shamimu hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye ukumbi wa zahanati, usiku ule. Nesi ametoka ametikisa kichwa. Watu wameanza kulia, na kila mmoja anasema kama watu wa huku wanavyosema: usiku wa Alhamisi, Mungu amemchukua usiku wa Alhamisi. Na ni kweli, jua lilikuwa limezama, Jumatano imekwisha kwenda zake. Naye Shamimu akafungua simu, kwenye ile kalenda ya wageni ambayo siku zake zinageuka usiku wa manane, akaigusa Alhamisi. Aliigusa kama mtoto wa Kivinje. Aliyeitunga maktaba hakuwepo pale. Pale alikuwepo mtu aliyefiwa na baba. Kisha maktaba ikafanya alichoifundisha: ikatazama saa, ikaona jua limezama, ikaisogeza siku mbele.

"Nimeigeuza siku mara mbili," alisema.

"Umegeuza nini?" Bi Zakia akamtazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Siku, shangazi. Inageuka jua likizama. Mimi nikaigeuza kwa kidole changu, nikaipa maktaba siku iliyokwisha geuka. Maktaba haijui. Nayo ikaigeuza tena. Ilikuwa nigonge Jumatano, yenyewe ingejua la kufanya." Vidole vilikuwa vimekwisha rudi kwenye kompyuta. Akaandika Jumatano. Akangoja. Namba ikabadilika.

"Inasemaje?" Safari hii aliyeuliza ni Bi Warda.

"Leo, mama. Saa mbili usiku. Mbegu za shangazi ni sawasawa."

Nje muadhini akaanza kuadhini magharibi.

"Kwa hiyo maktaba yako haikukosea," Bi Warda alisema.

"Haikukosea. Nilikosea mimi."

"Ulikuwa unalia."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuona. Ulikuwa unaandika na pua inavuja juu ya kioo." Akamwangalia binti yake usoni, kwa muda, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, nywele, paji, macho. Alichokitafuta akakipata. Akainuka. Akachukua ndoo, akalifungua pazia la chumba cha ndani, akaingia. Wakasikia udhu unachukuliwa.

Wakasali, kila mtu mahali pake. Na baada ya sala Bi Zakia akashangilia kwa heshima, yaani kigelegele chake akakipiga kwa chini, tumboni. Akataka simu imwombe radhi. Shamimu akamwambia simu haina mdomo. Akataka basi aliyeitengeneza amwombe radhi. Shamimu akamwomba radhi, akamshika na mikono. Akataka ajue, je, Rutamba nako ng'ombe wamechanjwa kesho badala ya leo? Shamimu akasema Rutamba wanachanja mchana, huko siku haina ujanja. Lakini alilifikiria swali hilo hata hivyo. Mtu yeyote wa pwani akiulizwa kwa ghafla, na moyo umemvunjika, angegusa pale pale alipogusa yeye. Akafungua daftari lake la kazi akaandika kwamba kuanzia sasa, mtu akitia siku ya usiku, maktaba imuulize kwanza: jua la siku gani lilikuwa limezama? Iulize kwa upole. Neno upole akalipigia mstari.

Isha ikaadhiniwa.

Wakaisikiliza hadi mwisho. Shamimu akamtazama shangazi yake, na mkono wa Bi Zakia ulikuwa juu ya kopo, umefumba ile mbegu ya mwisho, na haukufunguka.

"Tia, shangazi."

"Ngoja."

"Tungoje nini? Stefano anangoja jibu."

"Mimi nina shaka," alisema Bi Zakia.

"Shaka gani? Si wewe uliyesema leo? Alasiri nzima umesema leo!"

"Nilisema kabla sijajua kwamba kitu hicho kinaweza kukosea. Ule mwezi wa Mfungo Nne. Jioni ile kulikuwa na wingu, sikuuona. Nilimtuma mtu akuulize wewe, simu inasema ni ishirini na tisa au thelathini. Ukasema ishirini na tisa. Nikafuata simu! Sasa kama simu ilimzika kaka yangu kabla hajafa, ishirini na tisa yake nitaiaminije? Labda ni thelathini. Labda ni kesho."

"Ilitangazwa msikitini, shangazi. Mji mzima umesikia."

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Wewe ukilala mwezi haujaandama?"

"Usinipandishie sauti, mtoto. Nilikupaka mafuta kichwani ulipokuwa na upele."

"Sikupandishii. Nakwambia maktaba ni salama. Kosa lilikuwa moja, tumelipata, mwenyewe umelipata kwa akili yako, wala hakuna mwalimu angelipata. Miezi nimeilinganisha mmoja mmoja. Miezi iko sawa."

"Ndivyo ulivyosema mchana kuhusu siku."

"Mchana sikusema! Mchana nilisema niangalie!"

Simu ikalia. Stefano. Shamimu akaiacha ilie.

"Mimi sikatai aende," Bi Zakia aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepungua, haitoki tena hadi mnadani, haitoki hata hadi mlangoni. "Aende kwa Samia, hakuna anayekataa. Nasema tu tusiwe na haraka. Siku moja. Mtu akae siku moja zaidi kwa ajili ya kaka yangu, kuna ubaya gani?"

Na hapo Shamimu akauona ule mkono. Ulikuwa umefumbwa hadi vifundo vimepauka, na kando ya kidole gumba palikuwa na unyevu. Mbegu ilikuwa imeloa jasho humo ndani. Jioni mia moja na ishirini na saba mwanamke huyu alikaa peke yake ng'ambo ya soko na kopo, akawa na kitu cha kumfanyia kaka yake kila siku. Kesho jioni muadhini ataadhini, na Bi Zakia atakuwa hana mbegu ya kutia.

Hasira zikamwisha Shamimu kama maji kwenye mchanga. Akasogea mkekani, akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Shangazi."

"Nini?"

"Ukitia hiyo, si kwamba amekwisha."

"Nani kasema habari hiyo? Mimi nazungumza habari ya mwezi." Bi Zakia akajifuta pua kwa kiganja kitupu. "Nyinyi watoto wa kompyuta mnapenda kumtia mtu maneno. Mimi nasema wingu lilikuwepo. Wingu, Shamimu. Jeusi, limetoka huku, limekwenda huku. Na kama mwezi haukuonekana, basi hata ungekuja na maktaba kumi, hata ungekuja na huyo Klementi na ng'ombe wake washuhudie, mimi nasema wifi yangu asubiri mpaka—"

Pazia likafunguka.

Bi Warda alikuwa amesimama mlangoni. Gauni la kijani, lililokaa sandukuni tangu Idi. Kanga mpya, doti nzima, bado inakwaruza kwa wanga wa dukani. Wanja machoni, hina bado, lakini udi ulikuwa umemtangulia hadi katikati ya chumba, na mkononi alikuwa ameshika viatu vyake.

Bi Zakia akaiachia mbegu koponi, na Shamimu akampigia Stefano.